Siku ya Mizani: Serikali na Mikutano ya Watu Iringa na Mbeya

Tarehe 19 Juni 1954 maelfu ya watu walifurika Kalenga, kilomita chache nje ya mji wa Iringa. Gavana wa Tanganyika, Sir Edward Twining, alikuja kukabidhi fuvu. Chifu Mkwawa, aliyewashinda Wajerumani pale Lugalo mwezi Agosti 1891 na jeshi lake kumwua kamanda wao Emil von Zelewski, alijipiga risasi Julai 1898 ili asikamatwe akiwa hai. Kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kiliitaka Ujerumani iwakabidhi Waingereza fuvu hilo katika muda wa miezi 6. Ilichukua miaka 35. Twining alilifuatilia mwenyewe hadi makumbusho ya Bremen, na siku hiyo akaliweka mikononi mwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la Tanzania kwa miongo mingi.

Ilikuwa shughuli ya serikali kwa kila kipimo: askari wamepangwa, wageni wameketi, hotuba zimeandaliwa. Serikali ya kikoloni ilikuwa na ujumbe wake, hasa wakati ule ambapo Kenya ilikuwa inawaka vita ya Mau Mau na Waingereza walitafuta utiifu wa machifu. Lakini Wahehe waliotembea kwa miguu kuja Kalenga hawakuja kwa ajili ya gavana. Walikuja kumpokea mzee wao. Siku 18 baadaye, tarehe 7 Julai, chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam, na miaka 7 tu ikapita kabla bendera ya Uingereza kushushwa.

Tangu hapo Nyanda za Juu Kusini zimeshuhudia mikutano ya kila aina: baraza la bwana shauri, mkutano wa chama, operesheni, kampeni ya redio, maonesho ya wakulima, mapokezi ya Mwenge wa Uhuru. Kila utawala uliopita Iringa na Mbeya uliwakusanya watu na kuwaambia neno. Historia hii inafuata swali moja: watu wakishakusanywa, wamepewa nafasi gani ya kujibu, na jibu lao limekwenda wapi?

Kabla na wakati wa baraza

Mazungumzo ya hadhara hayakuletwa na mkoloni. Uhehe ilitawaliwa kwa kupitia wazagila, wakuu wa maeneo waliopokea amri za mtwa, yaani mtawala wao mkuu, na pia kumpelekea habari za watu. Upande wa Rungwe, Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika juu ya vijana wa rika moja waliojijengea kijiji chao, ambako kukaa pamoja na kuzungumza kulihesabiwa kuwa sehemu ya utu mwema. Mtu aliyekula peke yake na kunyamaza peke yake alitiliwa shaka.

Waingereza walipoleta utawala wa kupitia machifu kwa sheria ya 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, walimrudisha Sapi, mtoto wa Mkwawa, katika uongozi wa Wahehe. Walichukua pia sura ya baraza la wenyeji, ila wakageuza mkondo wake. Habari ilishuka: kwa bwana mkubwa wa wilaya, kwa chifu, kwa mzagila au jumbe, kisha kwa mwenye nyumba. Kodi ni kiasi hiki. Ng'ombe waogeshwe. Gazeti la serikali la Mambo Leo, lililoanza 1923, liliwafikia waliojua kusoma. Waliobaki walisubiri kuitwa. Hata watu wa kawaida waliokuwa na la kusema walijua kwamba baraza ni mahali pa kupokea.

Mji wa Mbeya ulikua katika mazingira hayohayo. Dhahabu ya Lupa iliwavuta watu kutoka pande nyingi katika miaka ya 1920 na 1930, na mji ukachipuka chini ya milima, ukiwa na Wasafwa wenyeji, Wanyakyusa, Wandali, Wanyiha, Wahindi, wazungu wachimbaji na vibarua kutoka Nyasaland. Katika mji wa namna hiyo Kiswahili kilikuwa lugha pekee ambayo tangazo lingeweza kupigwa nayo na wote wakaelewa. Januari 1962 Nelson Mandela, akisafiri kwa siri kwenda Addis Ababa, alitua Mbeya na kumtafuta mwenyeji wake, mbunge John Mwakangale. Jina la Mwakangale leo limo midomoni mwa wakulima wa kanda nzima, kwa sababu viwanja vya maonesho ya wakulima ya Nane Nane mjini Mbeya vimepewa jina lake.

Krismasi ya Ismani

Uhuru ulibadili mpiga mbiu. Mabalozi wa nyumba kumi wa TANU walifika kila mlango, na mikutano ya hadhara ikawa mahali pa furaha. Lakini kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960, chama kilipoanza kusukuma vijiji vya ujamaa, mwelekeo wa maneno ulianza kurudi kule kule kwa zamani.

Ismani, kaskazini ya mji wa Iringa, ilikuwa nchi ya mahindi. Katika miaka ya 1950 na 1960 wakulima walifyeka mapori, wakanunua matrekta, baadhi wakawa na mashamba makubwa. Mwaka 1971 Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, msomi na kada wa TANU, alipewa kazi ya kuyageuza mashamba hayo kuwa ya vijiji. Alikuwa mtu wa bidii na haraka. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, alifika Mkungugu katika shamba la Said Mwamwindi. Wakajibizana. Mwamwindi akachukua bunduki akampiga risasi, kisha akaupakia mwili kwenye gari la Mkuu wa Mkoa na kuupeleka mwenyewe kituo cha polisi Iringa. Alishitakiwa, akahukumiwa kifo na kunyongwa.

Hakuna lolote linalohalalisha mauaji yale. Dk. Kleruu alikuwa akitumikia sera aliyoiamini, na chuo cha ualimu cha Iringa kinabeba jina lake kwa heshima. Ila mtu anayetaka kuelewa mawasiliano ya serikali na wananchi katika nyanda hizi hawezi kuiruka siku hiyo. Neno la serikali lilifika shambani bila kupita mahali popote ambapo mkulima angeweza kulijadili, kulipinga au kulirekebisha. Palikuwa na watu wawili tu, mmoja na amri na mwingine na ardhi yake, na hapakuwa na mkutano kati yao.

Miezi michache baadaye, Mei 1972, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Iringa hiyohiyo na kupitisha azimio la Siasa ni Kilimo, lililowataka viongozi wajifunze kilimo kabla ya kumfundisha mkulima. Tarehe 1 Julai 1972 ukaanza mpango wa Madaraka Mikoani. Jina lilizungumzia kuwapelekea watu madaraka, lakini halmashauri za wilaya zilivunjwa na kazi zake zikakabidhiwa watumishi wa serikali kuu walioletwa mikoani na wilayani. Diwani aliyekuwa akiulizwa maswali kilabuni na sokoni hakuwapo tena. Mwaka uliofuata, kwa amri ya Novemba 1973 kwamba watu wote wahamie vijijini, Operesheni Vijiji ikaanza, na katika mkoa wa Iringa, uliokuwa bado mmoja na Njombe, Makete na Ludewa, familia nyingi zilihamishwa katika muda mfupi sana. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri katika miaka ya 1980 kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika kulikuwa kosa ambalo asingelirudia kama angeanza upya.

Redio chini ya mwembe

Katika miaka hiyohiyo ya amri, kulikuwa na kampeni moja iliyokwenda kinyume na upepo. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Radio Tanzania Dar es Salaam walianzisha Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi zaidi ya 70,000 walipewa mafunzo. Kila wiki, kwa muda wa wiki 12, kikundi kilikusanyika mahali pamoja, kikasikiliza kipindi cha redio, kikasoma kitabu kidogo cha kampeni, kisha kikajadili: hapa kwetu malaria inatoka wapi, na tutafanya nini kabla ya wiki ijayo? Walioshiriki nchini walikadiriwa kuwa watu milioni 2. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu, madimbwi yakafukiwa, nyasi za karibu na nyumba zikafyekwa. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai kwa mtindo huohuo.

Sauti bado ilitoka Dar es Salaam, na kampeni ilipokwisha redio ilihamia kwenye mambo mengine. Lakini jambo moja liliachwa nyuma: watu wa vijijini walikuwa wamezoea kukaa, kusikia, kubishana na kuamua kazi ya wiki. Miaka kumi baadaye Iringa ilijenga juu ya mazoea hayo.

Siku ya mizani

Mwishoni mwa 1983 mradi wa lishe ulianza mkoani Iringa. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya 1973, ilikuwa mstari wa mbele. UNICEF na Shirika la Afya Duniani walishiriki, na fedha zilitoka serikali ya Italia. Vijiji vya kwanza vilikuwa 168. Baadaye kazi ikaenea mkoa mzima.

Katikati ya mradi huo kulikuwa na siku moja, ya kawaida kabisa kwa kuitazama: Siku ya Afya ya Kijiji. Kila baada ya miezi mitatu, wazazi wote wenye watoto chini ya miaka mitano waliitwa mahali pamoja. Mizani ya kuning'inia ilifungwa kwenye tawi la mti au boriti ya jengo la kijiji. Mama anamvua mtoto nguo nzito, maana asubuhi za Iringa zina baridi, anamwingiza miguu katika kaptula ya kitambaa yenye vitanzi viwili, na mtoto ananing'inizwa. Analia, anarusha miguu, mshale unacheza. Mhudumu anangoja utulie. Kisha anasoma kilo kwa sauti na kutia kitone kwenye kadi, akiunganisha na kitone cha miezi mitatu iliyopita. Kadi ina rangi tatu. Kitone kikiangukia kijani, mtoto anakwenda vizuri, kijivu, aangaliwe, nyekundu, yuko hatarini. Mama asiyejua kusoma hata herufi moja aliona mwenyewe mstari wa mtoto wake ukipanda, ukilala, au ukishuka.

Kupima watoto kulikuwapo hata kabla ya hapo, kliniki. Kilichokuwa kipya Iringa ni njia iliyofuatwa na takwimu baada ya kupima. Kliniki ilipima, ikajaza fomu, fomu ikapanda wilayani, na hapo habari ikaishia. Katika Siku ya Afya ya Kijiji, tarakimu zilisomwa palepale. Watoto wangapi wako nyekundu? Ni wa nyumba zipi? Kila kijiji kilikuwa na wahudumu wawili wa afya, kwa kawaida mwanamke na mwanamume, waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe. Waliwatembelea wale watoto nyumbani na kuwapima upya kila mwezi. Hesabu ya kijiji ilipelekwa halmashauri ya kijiji ikajadiliwa kama zinavyojadiliwa mbolea na ada ya shule, kisha ndiyo ikapanda katani, tarafani na wilayani. Wataalamu waliuita mtindo huu mzunguko wa hatua tatu: kupima, kuchambua sababu, kutenda, kisha kupima tena na kuona kama kilichotendwa kimesaidia.

Kuchambua sababu ndiko kulikoamsha mabishano. Iringa haikuwa na upungufu mkubwa wa chakula. Mahindi yalikuwa ghalani. Mbona watoto wa nyumba zenye mahindi wako nyekundu? Wanakijiji walipoulizana, majibu yalitoka kwenye siku yenyewe ya mama. Anaamka alfajiri, anachota maji, anakwenda shamba la mbali, anarudi jua linazama. Mtoto wa mwaka mmoja anakula ugali mzito mara mbili kwa siku, na tumbo lake dogo halibebi chakula cha kumtosha kwa milo miwili. Ghala lilikuwa na mahindi, lakini mama hakuwa na nafasi ya kumlisha.

Dawa zilizotokana na mazungumzo hayo zilikuwa za kijijini. Vituo vya kulea watoto mchana vilianzishwa ili mama akiwa shambani mtoto ale mara kadhaa. Wanaume waliambiwa, mbele ya wenzao, kwamba mzigo wa kuni na maji usibaki kwa mke peke yake. Na kimea kikahama kutoka kwenye mtungi wa pombe hadi kwenye bakuli la mtoto. Wanawake wa nyanda hizi walijua tangu zamani kuloweka ulezi, kuuacha uote, kuukausha na kuusaga. Kijiko kidogo cha unga huo kikitiwa katika uji mzito, uji unalegea na kumezeka kwa urahisi. Mama anaweza basi kupika uji wenye unga mwingi zaidi, na mtoto akapata nguvu nyingi katika kikombe kilekile.

Kati ya 1984 na 1988, katika vijiji vya mradi, watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka asilimia 56 hivi hadi 38. Wenye utapiamlo mkali walishuka kutoka zaidi ya asilimia 6 hadi chini ya 2. Hayo yalitokea katika miaka ambayo uchumi wa Tanzania ulikuwa taabani, maduka matupu na sabuni ya kugawana. Habari zilienea. Mwaka 1990 UNICEF ilipopitisha mkakati wake wa lishe kwa dunia nzima, maelezo yake ya sababu za utapiamlo, yanayoweka chakula, afya na matunzo ya mtoto bega kwa bega, yalitokana kwa sehemu kubwa na kilichojifunzwa Iringa. Wanafunzi wa lishe katika vyuo vya mabara yote wanafundishwa maelezo hayo mpaka leo. Ni jambo la kujivunia, na ni wachache mkoani wanaolijua.

Halmashauri zinarudi

Wakati mizani inaning'inizwa, nchi ilikuwa inarekebisha kosa la 1972. Bunge lilipitisha sheria mbili mwaka 1982, Sheria Na. 7 ya mamlaka za wilaya na Na. 8 ya mamlaka za miji, na halmashauri zilianza kazi upya mwaka 1984. Kifungu cha 141 cha Sheria Na. 7 kinasema mkutano mkuu wa kijiji ndio mamlaka ya juu kabisa katika mambo ya sera ya kijiji. Wajumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa.

Sheria ilikuwa nzuri kuliko mazoea. Fedha za wafadhili wa mradi wa lishe zilipopungua katika miaka ya 1990 na serikali ikabana matumizi, wahudumu wa afya wa vijiji walibaki bila posho na wengi wakarudi mashambani kwao. Maboresho ya serikali za mitaa yalipoanza mwishoni mwa muongo huo, ofisi za kata na vijiji zilitakiwa kubandika mapato na matumizi kwenye mbao za matangazo. Halmashauri ya Wilaya ya Iringa ilikuwa mojawapo ya sita zilizofuatiliwa kwa miaka na taasisi ya utafiti ya REPOA kuanzia 2003, na katika halmashauri hizo wananchi wengi walisema hawajawahi kuona hesabu hizo zikiwa zimebandikwa. Hata karatasi iliyobandikwa haiulizwi swali. Mtu anaweza kusoma kwamba ujenzi wa darasa umekula milioni kadhaa, akatikisa kichwa, akaendelea na safari yake sokoni.

Mbeya ilipata somo lake kwa maumivu. Mji ulipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2005, na pamoja na hadhi ukaja msukumo wa kupanga biashara. Novemba 2011 wamachinga waliokuwa wakiuza kandokando ya barabara eneo la Mwanjelwa walitakiwa kuondoka. Barabara kuu ya kwenda Zambia ikageuka uwanja wa mapambano: matairi yakachomwa, mabomu ya machozi yakarushwa, maduka yakafungwa, wanajeshi wakaingizwa. Vurugu zilipozidi, mbunge Joseph Mbilinyi, msanii ambaye mji mzima ulimwita Sugu na kumchagua mwaka mmoja kabla, alikwenda kuzungumza na vijana, nao wakatulia.

Tukio hilo linasimuliwa mara nyingi kama habari ya umaarufu wa mtu mmoja. Mimi naliona kama habari ya mkutano uliochelewa. Yale yaliyosemwa mbele ya umati wenye hasira yangeweza kusemwa wiki kadhaa kabla, katika kikao cha jiji na wafanyabiashara wadogo, juu ya mahali watakapohamia na siku watakayohamia. Mtu ambaye riziki yake ya leo iko mezani barabarani hawezi kuarifiwa kwa tangazo la spika kwamba kesho hayupo.

Mwaka uliofuata, tarehe 2 Septemba 2012, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mwenyekiti wa Klabu ya Waandishi wa Habari Mkoa wa Iringa, aliuawa kwa bomu la machozi kijijini Nyololo, Mufindi, akiwa kazini kuripoti shughuli ya chama cha siasa. Askari mmoja alitiwa hatiani mwaka 2016 kwa kuua bila kukusudia. Mwangosi alikuwa akifanya kazi ambayo mkutano wowote wa watu unaihitaji: kusema yaliyotokea kwa wale ambao hawakuwapo.

Mabanda, picha na mgeni rasmi

Leo halmashauri ina njia nyingi za kusema kuliko wakati wowote. Kila mwezi Agosti halmashauri za kanda hupeleka mabanda yao katika viwanja vya John Mwakangale, na mkulima kutoka Mbozi au Mufindi hutembea kati ya vipando akiona mbegu ya viazi, mahindi na parachichi zikiwa zimestawi ardhini. Mwaka 2022 na 2023 maadhimisho ya kitaifa ya Nane Nane yalifanyika hapo. Ni mahali pazuri pa kujifunza, kwa sababu mkulima anashika jani kwa mkono wake na kumuuliza bwana shamba ana kwa ana. Redio za FM za Mbeya na Iringa huwaita wakurugenzi na madiwani studioni, na wasikilizaji hupiga simu. Karibu kila halmashauri ina ofisa habari, mwenye kamera, anayerusha taarifa kwenye tovuti na mitandao ya kijamii.

Fungua kurasa hizo utazame picha. Mgeni rasmi anakata utepe. Mgeni rasmi anapanda mti. Mgeni rasmi anapokea Mwenge. Maofisa habari hawa wengi ni vijana hodari wanaofanya kazi na vifaa vichache, na viongozi kweli wanastahili kuonekana kazini. Lakini kinachokosekana ni swali lililoulizwa na mwanakijiji siku ile, na jibu alilopewa. Tarakimu za kijiji hazimo. Ukisoma taarifa ya mkutano wa namna hiyo miaka 50 baadaye, utajua nani alikuja na hutajua kijiji kilikuwa na shida gani.

Na shida ipo. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 56.9 ya watoto chini ya miaka mitano mkoani Iringa wana udumavu, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Ndicho kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini, ambako wastani ni asilimia 30. Njombe, iliyokuwa sehemu ya Iringa hadi 2012, inafuata. Udumavu hupimwa kwa urefu na miaka ya 1980 ilipima uzito, kwa hiyo namba hizi haziwezi kuwekwa sambamba na zile. Lakini mkoa uliotoa somo kwa dunia ndio huo unaoongoza kwa udumavu, tena ukiwa bado ni ghala la mahindi, viazi na maharage. Mama wa Iringa bado anatoka alfajiri. Ugali bado ni mzito. Kinachohitaji kurudi ni yale mazungumzo.

Serikali imeanza kulirudia jambo hili. Mwishoni mwa 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe, na mkataba mpya ukafuata 2022. Miongoni mwa kazi zinazopimwa ni Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila baada ya miezi mitatu. Watoto hupimwa uzito, huzungushiwa utepe mkononi, mapishi darasa hufanyika, na maofisa lishe wa halmashauri hutoa elimu. Jina limeongezeka neno, mizani ni ileile.

Siku hiyo inahitaji mwenzake, na mwenzake yuko kwenye sheria tayari. Mkutano mkuu wa kijiji nao ni wa kila miezi mitatu. Halmashauri za Iringa na Mbeya zinaweza kuamua kwamba vyote viwili vifanyike siku moja. Asubuhi watoto wapimwe. Mchana wazazi haohao, akina mama na akina baba, waketi kama mkutano mkuu, na ajenda ya kwanza iwe hesabu ya watoto wa kijiji hicho: wangapi wamepimwa, wangapi wako hatarini, tumeamua nini safari iliyopita, na limefanyika? Ajenda ya pili iwe mapato na matumizi, ili kijiji kikiona kinahitaji kituo cha kulelea watoto kijue papo hapo kama fedha ipo. Mtendaji aandike maazimio, diwani ayabebe hadi kwenye baraza la madiwani, na ofisa habari arushe kilichoamuliwa na kilichojibiwa, kwa tovuti, kwa redio na kwa ubao wa ofisi ya kijiji. Mgeni rasmi akija, na akaribishwe, asikilize hesabu ndipo ahutubie.

Hakuna sheria mpya inayotakiwa wala fedha za mfadhili mpya. Wahudumu, mizani, mkutano na maofisa habari wapo. Iringa ilikwisha kuonyesha kwamba kijiji kikipewa takwimu zake chenyewe na mahali pa kuziamulia, watoto wake hupona. Kinachobaki ni kwa wakurugenzi na madiwani wa nyanda hizi kupanga kalenda moja na kuifuata.